Naomba ushauri: mwiba mkubwa wa Kentrosaurus ukae begani au nyongani?

Ndugu wanachama, salaam. Ninafinyanga kwa ajili ya wanafunzi wangu sanamu ya Kentrosaurus, dainosaria mla majani ambaye mifupa yake ilichimbuliwa na Wajerumani huko Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913. Vibamba vya shingoni na mgongoni nimeshavipanga jozi kwa jozi, na miiba inayofuata hadi mkiani pia. Nimekwama kwenye ule mwiba mrefu wa ubavuni wenye kitako kipana: Edwin Hennig, mtaalamu Mjerumani wa visukuku aliyempa mnyama huyu jina, aliuweka nyongani, ilhali mabaki ya Gigantspinosaurus, dainosaria wa China wa jamii hiyo hiyo, yanaonyesha mwiba wa namna hiyo begani, na michoro niliyolinganisha inapingana.

Je, niuweke wapi? Na kwa kuwa inaaminika mfupa huo ulivikwa ala ngumu kama pembe ya ng'ombe, niurefushe kiasi gani?