Gemu za mtumba zisizo na kitabu cha maelekezo: tupeane uzoefu

Pedi_Mbovu: Wakuu salaam. Nimechukua PS2 (PlayStation 2) ya mtumba Kariakoo na gemu zake za Ulaya, makava safi kabisa. Kufungua: CD ipo, vishikizo vya kitabu vipo, kitabu hakuna hata kimoja. Mdogo wangu ananiuliza kitufe cha R3 kwenye pedi ni kipi. Nyie mlifanyaje? Na hivi vitabu vinapatikana wapi siku hizi?

BintiChumbageni: Kitabu? Sisi hata kava hatukuliona. CD inatoka kwenye nailoni, jina limeandikwa kwa maka peni.

Kocha wa Uani: Mmenikumbusha Winning Eleven, gemu ya mpira, ile ya Kijapani. Menyu michoro mitupu, lakini kila mtoto wa kibanda cha gemu alijua abonyeze chini mara ngapi kufika kwenye kikosi. Wachezaji tunawatambua kwa nywele. Na kwenye gemu za Kijapani kitufe cha duara ndiyo kukubali, X ndiyo kughairi. Siku nimeshika CD ya Ulaya nabonyeza duara, haiendi, nikamwambia mwenye kibanda pedi yake imekufa. Ugomvi!

Mzee wa Tandika: 😂😂 duara hiyo imetuponza wengi.

Nyoka_Mkavu: Acheni niwape ya kwangu. Metal Gear Solid, ile ya PS1 ya 1998, unacheza kama jasusi anaitwa Snake. Unamfikia mzee Baker kafungwa katikati ya mabomu, unapigana weee, mwisho unaambiwa umtafute binti mmoja, Meryl, redioni, namba yake iko nyuma ya kava la CD. Mzee anakufa palepale. Sasa kava lipi? CD yetu ni kopi, iko kwenye bahasha ya kaki! Na kabla hajafa anakupa diski, basi sisi tukaamini ndiyo hiyo. Tukaifungua kwenye mizigo, tukaizungusha, tukaisoma maelezo yake, hola. Kibanda kizima kimekwama. Jamaa mmoja akarudi mwanzo kabisa kukagua kila chumba. Mwenye kibanda naye anafurahi tu, saa zinasoma. Mpaka akaja binamu wa mtu likizo kutoka Nairobi, ana kava orijino, kaligeuza: kapicha kadogo ka Snake anaongea redioni, pembeni 140.15. Tulimbeba juujuu kama kafunga goli la dabi.

Mzee wa Tandika: Uongo. Mngezungusha redio namba moja moja kuanzia 140.00, mngempata tu.

Nyoka_Mkavu: Zungusha wewe huku unalipia kwa nusu saa.

Hakimu_Mkazi: Mlinunua kopi halafu mnalaumu kava? Kopi ndiyo iliyowaponza.

BintiChumbageni: Mheshimiwa tuonyeshe duka lililokuwa linauza orijino Tanga wakati huo, tukaombe radhi.

Diski_Laini: Prince of Persia, gemu ya kompyuta za zamani za DOS, ilikuwa hivyohivyo. Ukimaliza hatua ya kwanza unakuta vichupa vyenye herufi, unaambiwa neno la ngapi, mstari wa ngapi, ukurasa wa ngapi wa kitabu. Ukinywa chupa siyo, inakupunguzia uhai.

Fundi Karatasi: Turudi kwa mleta uzi. Mkuu, angalia kwenye mgongo wa kava, kuna kodi, yaani herufi na namba za utambulisho wa gemu. SLES ni ya Ulaya, SLUS ya Marekani, SLPM au SLPS ya Japani. Tafuta kwa kodi hiyo pamoja na jina, ingia Internet Archive, watu wameskani vitabu vingi sana. Chukua PDF, peleka steshenari, mwambie aprinti kama kijitabu, siyo kurasa moja moja. Cha kurasa 16, karatasi ya kwanza inabeba ya 16 na ya 1, nyuma yake ya 2 na ya 15. Akikuangalia kama humweleweki, toka tafuta mwingine.

Kocha wa Uani: Kitabu cha nini? YouTube ipo.

Mama_Zawadi_UK: Huku Uingereza gemu yenye kitabu inauzwa ghali kuliko iliyo tupu, ndiyo maana wanavichomoa wakaviuze peke yake. Na wapo wanaoprinti na kukuuzia kama orijino. Angalia pini za katikati na maandishi madogo. Yakiwa na ukunguukungu, ni skani. Halafu za PS3 usihangaike sana, Ubisoft walitangaza 2010 kwamba wanaacha vitabu vya karatasi.

Hakimu_Mkazi: Kuprinti PDF nako ni kopi, nawakumbusha.

Fundi Karatasi: Haya, njoo utukamate.

Pedi_Mbovu: Nimeiona kodi, SLES, asanteni. Ila bado hamjaniambia R3 ni ipi.

Mzee wa Tandika: Kile kijiti cha kulia, kikandamize chini. Na huyo binamu wa Nairobi bado simwamini.