Mrejesho: unga mweupe kwenye maua ya mwembe

Ndugu zangu, niliuliza kuhusu mwembe wangu wa aina ya apple hapa Kisauni, Mombasa: maua yanashika unga mweupe, yanakauka, yanapukutika. Shukran sana kwa mliojibu.

Nilipunguza matawi ya ndani hewa ipite, kisha nikapulizia dawa ya salfa mara vishada vya maua vilipochomoza, asubuhi kabla jua halijawa kali. Ule unga mweupe, yaani ugonjwa wa ubwiri unga, umekoma. Vishada vya chini vimeshika embe changa, ngumu kama gololi. Kule juu bomba halikufika, maua yamekwisha yote. Na chule, ugonjwa mwingine wa ukungu, bado ipo: madoa meusi kwenye majani yako palepale, salfa haikuyafanya kitu. Msimu ujao naongeza dawa ya shaba.

Aliyependekeza nipulizie maziwa aniwie radhi. Kwa bei hii, tunakunywa chai.