Geji ya mafuta ya boti inasoma kinyume, redio nayo inazima

nahodha_wa_ushongo
Wakuu salaam. Nina boti ya faiba futi 23, mashine ya nguvu za farasi 85, napeleka wageni kisiwa cha Maziwe. Geji ya mafuta ilianza kuchezacheza, nikiwasha taa mshale unaruka, pampu ya ngama (ya kutoa maji chini ya boti) ikianza kuvuta ndo kabisa unatetemeka kama una homa, na redio nikibonyeza niongee inazima. Fundi akasema geji imekufa, nikanunua mpya, sasa balaa, tenki likijaa mshale unalala kwenye E, mafuta yakipungua unapanda. Jumamosi mashine imenizimikia na wageni sita ndani, geji inasema nimejaa!! Betri ni mpya. Nianzie wapi?

fundi waya
Mkuu hapo una magonjwa mawili, usiyachanganye. Kusoma kinyume ni geji na sensa (kile kifaa cha kwenye tenki kinachopima mafuta) haziendani. Za Kimarekani sensa inatoa omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) 240 tenki likiwa tupu na 33 likijaa, za Ulaya ni tofauti, karibu na sifuri likiwa tupu na kama 180 likijaa. Chomoa waya wa sensa juu ya tenki (mara nyingi wa pinki) upime omu za sensa na tesita (mita ya umeme).

La pili ni athi, yaani waya wa nega unaorudisha umeme kwenye betri. Redio ukiongea inavuta umeme mwingi kwa mpigo, kama nega ni mbovu volti zinaanguka inazima. Washa vyote, tesita iweke kwenye volti, ncha moja nega ya betri, nyingine nega ya geji. Ikipita nusu volti huo waya umeoza.

mzee kombo
Na kabla hujagusa waya wowote juu ya tenki zima swichi kuu, funua sakafu upepo upite kwanza. Petroli na cheche hazina mjadala. Mie geji siitazami miaka, nina kijiti nimekichonga alama kila lita kumi, theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya akiba basi.

nahodha_wa_ushongo
Nimerudi wakuu. Nega imesoma 1.8! Nimeufuata ule waya mweusi mpaka nyuma ya dashibodi, tamino (kichwa cha waya) ina unga wa kijani, nimevua ganda ndani shaba nyeusi kama masizi, nikakata kipande, bado nyeusi, nikakata tena, mwisho nimeutoa wote nikaweka waya uliopakwa bati. Redio haizimi tena. Sensa tenki likijaa inasoma omu 178.

fundi waya
Basi sensa yako ya Ulaya na geji uliyouziwa ya Kimarekani. Ile ya zamani iko wapi? Haikuwa na kosa hiyo.

nahodha_wa_ushongo
Nilimpa mtoto wa jirani achezee 😂 nimeenda kuiomba imejaa mchanga, dogo kaniuzia kwa soda mbili. Nimeifunga, taa nimewasha, pampu nimewasha, mshale umetulia tuli. Kijiti nacho nishachonga mzee wangu.