Wiki ya mihadhara ya Kigoda pale Mlimani: mtu wa mtaani anaruhusiwa au ni ya wasomi tu?

fundi_gesi_kimara

Wakuu kwema? Mimi ni fundi friji na AC, nipo huku Kimara, shule niliishia fomu foo na chuo kikuu nimeingia mara mbili tu maishani, zote nikiwa na mtungi wa gesi begani. Sasa juzi nilikuwa kwa mteja mmoja Changanyikeni, ni mwalimu wa hapo chuo, tunasubiri kompresa ipoe tukawa tunapiga stori za Nyerere, ndo akaniambia mwezi wa nne huwa kuna wiki ya mihadhara pale Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tamasha la Kigoda cha Mwalimu (hicho kigoda ni kiti cha uprofesa chenye jina la Nyerere), watu wanatoka nchi za mbali wanakuja kuongea ukumbi wa Nkrumah, siku kadhaa mfululizo na hakuna kiingilio. Nikamuuliza ni bure kwa nani, akacheka, akasema kwa kila mtu. Ila mnajua tena, mtu wa chuo akisema kila mtu anamaanisha kila mtu wa chuo.

Naomba mnisaidie. Kitambulisho cha chuo wanadai? Lazima nivae suti (sina)? Af kizungu changu ni cha kusomea kibandiko cha nyuma ya friji, mtu akianza kukiporomosha si nitakaa pale kama gunia la mkaa? Na la mwisho ambalo ndo kubwa, inalipa kweli kupoteza siku ya kazi? Nina vijana wawili nawalipa kwa siku. Nishaurini bila matusi.

BintiMsewe

Kaka mbona unajikunyata hivyo, mhadhara wa wazi maana yake ni wazi. Mimi nimesoma hapo na bado naenda nikipata nafasi. Mlimani sio chuo cha kujifungia, daladala zenyewe zinakatiza humohumo ndani, wewe ukishuka Utawala muulize mtu yeyote Nkrumah iko wapi, ni hapohapo jirani, lile jengo lililokuwa nyuma ya noti ya mia tano ya zamani kabla hawajaleta sarafu. Beba tu kitambulisho chako cha NIDA au cha kura, huwezi jua siku hiyo kuna mgeni gani mkubwa.

Suti achana nayo, shati safi linatosha. Cha msingi wahi, viti vya mbele huwa vya wageni rasmi na ukichelewa utasimama na wanafunzi waliokuja kwa ajili ya picha tu 😂. Kaa katikati, upande wa njia, ili kipaza sauti cha maswali kikizungushwa kikufikie.

Na jingine nakuambia kwa uchungu: usile nje ukiwa umeshika chakula ovyo. Mimi nilikaa chini ya mti na sambusa mbili kwenye gazeti, nikageuka kumsalimia rafiki yangu, tumbili akashuka akachukua moja, akapanda nayo akaila huku ananiangalia machoni, kanipa mabaki ya gazeti tu. Ile ya pili nikaimeza bila kutafuna.

MzeeWaManzese

Mwanangu fundi, nenda. Nitakupa stori kidogo maana wengi hapa mnaona chuo kile kimeanza na nyie.

Kile chuo hakikuanzia Mlimani, kilianzia mtaa wa Lumumba 1961, ndani ya jengo la TANU, wanafunzi wenyewe ni wa sheria tu na hawakufika hata ishirini. Mlimani kimehamia 1964. Kwahiyo kilizaliwa kwenye nyumba ya chama cha wananchi, wewe ukiingia pale hujaenda ugenini, umeenda kuangalia mali yako.

Marehemu baba yangu alikuwa mpishi kafeteria ya hapo miaka ya sabini. Alikuwa anatuambia jioni akimaliza kuosha masufuria alikuwa anaenda kusimama nyuma ya ukumbi na eproni yake, anasikiliza. Kipindi hicho yupo Walter Rodney anafundisha historia, yule wa Guyana, aliyekuja kuuawa kwao kwa bomu 1980. Kizungu cha baba kilikuwa cha jikoni, lakini alikuwa anasema ukisimama siku ya kwanza unasikia kelele, siku ya tatu unaanza kusikia maneno. Na kilichokuwa kinamvuta sio hotuba, ni mabishano baada ya hotuba, vijana wanasimama wanampinga mwalimu wao mbele za watu na mwalimu anajibu. Hata Museveni wa Uganda ni zao la mabishano hayohayo, alisoma pale na ndiye alikuwa mwenyekiti wa kile kikundi cha wanafunzi wanamapinduzi, USARF, wenye gazeti lao la Cheche, mpaka serikali ikaona imezidi ikapiga marufuku vyote 1970.

Hiki Kigoda chenyewe ni cha juzi tu, kilianzishwa 2008, profesa wake wa kwanza Issa Shivji, na tamasha la kwanza likawa Aprili 2009, kamualika Wole Soyinka, yule mwandishi wa Nigeria. Aprili kwa sababu Mwalimu alizaliwa tarehe 13 mwezi huo, 1922. Nia ilikuwa kurudisha ule moto wa akina baba yangu nyuma ya ukumbi. Kama umerudi au haujarudi, nenda kajionee.

dokta_mtarajiwa

Mzee heshima yako ila tusimdanganye mwenzetu. Hiyo miaka ya sabini ilishapita. Siku hizi mihadhara mingi ni mtu anasoma karatasi neno kwa neno dakika arobaini na tano, kichwa hainui, itifaki imezingatiwa nusu saa, maswali yanabaki dakika kumi, af mwendesha mjadala anasema "muda sio rafiki". Na karibu yote kizungu! Tamasha limebeba jina la mtu aliyekaa akamtafsiri Shakespeare kwa mkono wake, Julius Caesar 1963 na Mabepari wa Venisi 1969, akiwa rais mwenye kazi zake, sisi na mapesa ya kukodi maspika tunashindwa kuweka mkalimani mmoja.

Hata huyo Soyinka, jamaa amepigia debe Kiswahili kiwe lugha ya Afrika nzima tangu miaka ya sabini huko, kaja mpaka kwenye nyumba ya Kiswahili na sisi tumekaa tunamsikiliza kwa kizungu. Simlaumu yeye.

Fundi, kwa fani yako bora usubiri Wiki ya Utafiti na Ubunifu, nayo ni hapohapo Mlimani kila mwaka. Pale watu wanaweka meza, unashika kitu, unauliza. Mimi nilikuta vijana wa uhandisi na kikaushio cha mboga cha jua, akapita fundi bati mmoja kavaa kandambili, akaangalia dakika mbili akawaambia "hapa hewa ya moto itatokea pembeni kabla haijafika juu, huu mkunjo mmeupiga kinyume". Wakabishana. Wakawasha kijiti cha ubani wakaangalia moshi unapita wapi. Moshi ukatokea pembeni. Walimwandikia namba yake ya simu kwenye ubao wa mradi.

NairobiNiNyumbani

Wabongo mnanifurahisha, nyinyi mnalilia Kiswahili nasi huku mhadhara ukitangazwa ni wa Kiswahili watu wanadhani ni kongamano la walimu wa lugha pekee. Fundi enda bana, hakuna mtu amewahi kufa kwa kutoelewa nusu saa ya profesa. Hata maprofesa wenzake huwa hawaelewi.

BintiMsewe

@dokta_mtarajiwa hiyo stori ya moshi nzuri lakini usimnyime Kigoda. Nakubali suala la lugha linaudhi, tena sana. Ila kuuliza kwa Kiswahili hakuna aliyekataza.

Kuna mwaka nilikuwepo, mada ilikuwa mambo ya ardhi, mzungumzaji kamwaga kizungu kizito saa nzima, wanafunzi wakauliza maswali marefu yale ya kujionyesha, ambayo mtu anaongea dakika tano halafu swali lenyewe halipo. Akasimama mzee mmoja nyuma kabisa, koti la kijivu kiwiko kimetoboka, akasema kwa Kiswahili, "Mimi nataka kujua kitu kimoja. Mwekezaji akishindwa kulima lile shamba, linarudi kwetu au linarudi serikalini?" Basi. Akakaa. Ukumbi ukanyamaza, ukasikia feni. Yule mzungumzaji akatabasamu, akavua miwani, akaanza kujibu kwa Kiswahili kizuri tu, kumbe anacho! Na kuanzia hapo mpaka mwisho kikao kikawa cha Kiswahili, hakuna aliyetangaza.

Kwahiyo kaka andika swali lako kwenye karatasi nyumbani. Moja. Fupi.

MzeeWaManzese

Binti umesema. Na suala la siku ya kazi, nimkumbushe fundi ule mfano wa Mwalimu, kwamba msomi ni kama mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta chakula, asiporudi ni msaliti. Sasa hao wamerudi, wako Nkrumah mwezi wa nne, mwenye kijiji usipokwenda kukagua walichobeba utamlaumu nani?

dokta_mtarajiwa

Mzee hapo umenikamata 🙌. Ila awaachie vijana wake kazi, asifunge ofisi.

fundi_gesi_kimara

Jamani nimerudi kuleta mrejesho, samahani nimepotea, joto la wiki hizi friji za watu zinakufa kama kuku wa kideri.

Nilienda siku moja, ya pili ya tamasha. Kitambulisho nilibeba hakuna aliyekiangalia. Nilivaa shati la harusi ya mdogo wangu. Nikawahi mno, nikakuta mafundi mitambo wa spika tu wanavuta nyaya, nikawasaidia kutafuta soketi yenye moto, kwahiyo kufika wageni mimi nishakuwa mwenyeji, mmoja wao akaniwekea kiti cha njiani kama alivyosema dada.

Kusema kweli nusu saa ya kwanza nilikuwa gunia. Maneno niliyoyadaka ni land, people na neoliberal, hili la mwisho amelisema mara nyingi mpaka nikaanza kuhesabu, nimeishia kumi na tisa. Ila baba yake mzee wa Manzese alikuwa anasema kweli, katikati pale akaanza kutoa mfano wa pembejeo, mkulima anakopa mbolea analipa kwa mavuno, bei anapangiwa na mnunuzi, na hapo nikaona kumbe ni mimi na duka la spea Kariakoo! Nakopa kompresa, bei ananipangia yeye, na mteja naye ananipangia. Nikaelewa bila kuelewa.

Swali nikauliza. Mikono ilitetemeka ila karatasi ilikuwepo. Niliuliza kwa Kiswahili, huyo mkulima na mimi fundi tukiungana kwenye ushirika mmoja wa kununua kwa pamoja, ni nani huwa anauvunja kwanza, mtu wa nje au mwenzetu mwenyewe? Watu wakapiga makofi sijui kwa nini. Akajibu nusu kizungu nusu Kiswahili, ya mtu wa nje alijibu vizuri sana, ya mwenzetu mwenyewe aliikimbia, na mwendesha mjadala akasema muda sio rafiki 😂 dokta nilikukumbuka.

Sasa natoka nje, naangalia juu kama kuna tumbili, akanifuata mama mmoja mtu mzima, kumbe ni profesa, ananiambia swali lako lile la pili ndo lenyewe, njoo nikuonyeshe nilichoandika kuhusu vyama vya ushirika. Nikasema sawa. Tunatembea, akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia. Akasimama palepale barabarani akasema friji lake lina wiki ya pili haligandishi.

Jumamosi naenda. Nimemwambia asilizime lipoe, nataka nilikute linaunguruma.