Shule ya watoto 180 inaendeshwa kwa shilingi 90,000 kwa mwezi, halafu inasomwa ya mwisho wilayani!

Wakuu, nimetoka kwenye kikao cha wazazi na hasira bado haijashuka. Afisa mmoja kutoka halmashauri alikuja na karatasi ya matokeo ya darasa la saba, akaisoma kuanzia juu, shule moja moja, mpaka alipofika mkiani akanyanyua macho: "Hii ndiyo yenu." Mwalimu mkuu alikuwa amekaa pembeni, kichwa chini. Bibi mmoja akasimama, "Mwanangu, mbona hujatuuliza tuna walimu wangapi?" Akajibiwa hilo litakuja kwenye mengineyo. Mengineyo hatukufika, gari lilikuwa linamsubiri.

Baraza la Mitihani lenyewe lilishaacha kutangaza shule kumi bora. Huku kwetu orodha ya kuaibishana bado inasomwa hadharani, mbele ya watoto wanaochungulia madirishani.

Mimi ni mjumbe wa kamati ya shule, mahesabu nayaona kwa macho yangu. Tuna watoto 180, la kwanza mpaka la saba. Ruzuku ya serikali ni shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka. Humo 4,000 inabaki huko juu kwa ajili ya vitabu, shuleni inashuka 6,000. Zidisha upate 1,080,000 kwa mwaka. Gawa kwa miezi 12: elfu tisini. Hapo nimechukulia kwamba imekuja yote.

Elfu tisini hiyo hiyo ndiyo chaki, ndiyo rimu za mitihani, ndiyo kitasa kilichong'oka, ndiyo mpira, ndiyo nauli ya mwalimu mkuu kupeleka taarifa wilayani kwa bodaboda. Shule ya watoto 1,800 inapata mara kumi yetu. Sisemi wana raha, najua wanavyobanana. Ila upepo ukiezua paa hauulizi shule ina watoto wangapi. Bati ni bei ile ile, na safari ya wilayani ni ile ile.

Na hiyo 10,000 si ya jana. Ilikuja na MMEM, ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, mwaka 2002, wakati huo ikiwa sawa na dola 10 kwa kila mtoto. Elimu bila ada ilipoanza 2016 tukakuta kiwango ni hicho hicho. Leo elfu kumi ni kama dola 4. Nani kati yenu analipwa mshahara wa 2002?

Lakini kilichoniuma zaidi ni walimu. Tunao wanne. Tukilalamika tunaambiwa ikama, yaani idadi ya walimu tunaostahili, imetimia, kwa sababu mwongozo unasema mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, na 180 kugawa kwa 4 ni 45 kamili. Kwenye karatasi tuko vizuri kuliko shule za mjini! Jamani, watoto wetu hawakai kwenye mafungu ya 45. Wako kwenye madarasa saba, na awali juu yake. Walimu wanne, madarasa saba. Kila kipindi kuna madarasa matatu hayana mtu, na hapo hakuna mwalimu aliyeugua wala aliyeitwa semina.

Nendeni mkaone. Mwalimu wa hisabati anaandika zoezi ubaoni la sita, anatoka mbio kwenda la saba, akirudi nusu wamemaliza na nusu wamelala juu ya dawati. Nimefungua daftari la hisabati la binti yangu wa la sita: kurasa kumi na moja hazina tiki wala kosa. Amekosea kugawanya sehemu kwenye ukurasa wa kwanza, na kosa lile lile amelirudia mpaka wa kumi na moja, kwa mwandiko msafi kabisa, kwa sababu hakuna aliyemwambia. Simlaumu mwalimu, atasahihisha saa ngapi? Mtihani wa majaribio wa la saba mwaka jana alidurufu kwa hela yake mwenyewe.

Kuna watakaosema shule ndogo zifungwe, watoto wapelekwe shule kubwa. Hii yetu ilianza kama shule shikizi, yaani tawi dogo la shule mama, wazazi tulifyatua matofali wenyewe, kwa sababu watoto walikuwa wanavuka mto kwenda kusoma na masika mto ule haupitiki. Mto haujahama. Na tukisema tuchange tuajiri kijana wa kujitolea, tangu Rais Magufuli alipokataza michango Januari 2018 kila mwalimu mkuu anaogopa hata kulitaja neno lenyewe, ingawa mchango wa hiari wa wazazi unaruhusiwa ukifuata utaratibu.

TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia halmashauri na shule zake, itupe vitu viwili. Kila shule ipate kiasi cha kuanzia, iwe na watoto 100 au 2,000, ndipo wahesabu vichwa. Na walimu wapangwe kwa idadi ya madarasa, wasigawe tu kwa 45.

Kamati inakaa Jumamosi kuandika barua kwa mkurugenzi. Kama kuna mjumbe wa kamati au mwalimu humu ambaye shule yake ndogo iliongezewa walimu, naomba aniambie barua yao ilipitia kwa nani na walieleza nini. Nitaisoma kikaoni.