Mapambo ya krismasi ya kutengeneza na watoto nyumbani, bila oveni. Mnatumia nini?

mamawatatu_umoja
Habari zenu wazazi. Shule zimefungwa, watoto wako kwa nyumba kutoka asubuhi mpaka usiku na katuni wamezimaliza zote, sasa nimefikiria mwaka huu nisinunue mapambo ya tauni tutengeneze wenyewe. Niko na watatu, wa miaka kumi, wa sita, na kale kadogo ka mwaka mmoja na nusu, hako kila kitu ni mdomoni. Nimeona watu wanakanda unga na chumvi wanakata nyota wanaoka, shida sina oveni, niko na gasi ya mtungi mdogo na jiko la makaa la kuchemshia githeri basi. Nyumba ni ya kupanga na kareteka hataki kusikia msumari umeingia kwa ukuta. Tena tunaenda ushago kabla ya krismasi kwa hivyo nataka kitu kinaweza kubebwa kwa matatu kifike kizima, shosho yao aone kazi ya wajukuu. Yale ya kununua yanameta wiki moja halafu yanaanza kumwaga zile nyuzi za fedha kila mahali mpaka unazipata kwa ugali. Mnatengeneza nini? Na tafadhali msinitume mall.

keki_southb
Unga na chumvi hauhitaji oveni mama, watu wanasema hivyo kwa sababu wana haraka. Vikombe viwili vya unga wa ngano wa kawaida, ule wa chapati, kikombe kimoja cha chumvi laini, kikombe kimoja cha maji lakini usimwage yote mara moja, weka kidogo kidogo ukikanda mpaka iache kushika kwa vidole. Usitumie unga ule unaojiumua wenyewe, nyota itafura iwe mandazi. Kanda dakika kumi hivi, mpe huyo wa kumi akande ana nguvu, sukuma iwe unene wa nusu sentimita, kata na kifuniko cha jagi ama kikombe, toboa shimo la kamba na mrija KABLA haijakauka, ukisahau shimo hiyo imeenda. Halafu panga kwa sinia upeleke juu kwa paa pale mnaanikia nguo. Siku kadhaa za jua, unageuza kila jioni na unaingiza ndani usiku maana umande unairudisha nyuma. Mwenye oveni anaoka moto wa chini kabisa, digrii 100 hadi 120, masaa mawili matatu. Ukiongeza moto inafura na kugeuka kahawia. Hiyo ya sufuria na makaa juu ya kifuniko tunayookea keki sikushauri, moto wake hautulii, upande mmoja unaungua mwingine bado mbichi.

Ikikauka kabisa paka rangi, halafu vanishi mbele na nyuma. Chumvi inavuta unyevu, usipofunika pande zote mwaka ujao utapata imelainika.

jirani_mkorofi
Bei ya unga ilivyo wewe unatundika chapati kwa mti? 😂😂 Endeleeni tu.

keki_southb
@jirani_mkorofi vikombe viwili vinatoa mapambo zaidi ya ishirini, boksi moja ya mipira ya supamaketi ni pesa ngapi? Piga hesabu urudi.

baba_kadogo254
Hapo kwa chumvi niongeze kitu. Kama ushago kuna mbwa usiache hizo nyota mahali anafika. Harufu ya unga inamvuta, akila kadhaa chumvi hiyo ni nyingi sana kwake anaweza kufa kabisa, si mchezo. Na mbuzi anapenda chumvi sana, utapata mti umelambwa.

Sisi tumehamia kwa ile ya konflawa. Bekingi soda vikombe viwili (si bekingi pauda, angalia vizuri kwa duka), konflawa kikombe kimoja, maji kikombe na robo. Weka yote kwa sufuria ikiwa baridi, koroga, halafu washa gasi moto mdogo na usiache mwiko. Kwanza ni maji tu unafikiri umeharibu, halafu ghafla inaanza kushikana chini, inakuwa nzito kama ugali ukianza kuiva, hapo ndipo unatoa. Funika na kitambaa kibichi ipoe, kanda kidogo, sukuma. Inakauka haraka kuliko ya chumvi na inatoka nyeupe peee, hauhitaji rangi. Wangu walichukua jani la mpera wakaligandamiza juu ya hilo donge kabla ya kukata, mishipa yote ya jani ikabaki pale, nyumba nzima wageni wanauliza hiyo mlinunua wapi. Lakini usinunue vile vikopo vidogo vya bekingi soda utalia, enda kwa duka linalopima kwa kilo.

mamawatatu_umoja
Eeeh hiyo ya jani nimeipenda. Sasa huyu mdogo je? Bekingi soda akitafuna?

nesi_wa_usiku
Akilamba kidogo ni uchungu atatema, lakini kipande kizima hapana, iwe ya chumvi ama ya soda. Mtoto wa umri huo hata sikuogopei sana unga, nakuogopea shanga, vifungo na vitu vidogo. Chukua ile karatasi ngumu ya katikati ya tishu. Kitu chochote kikipita hapo ndani bila shida, kinaweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka mitatu, kiweke juu ama usikitumie. Na zile taa ndogo za rangi za betri, angalia kama betri ni zile bapa za duara zinazofanana na shilingi. Akimeza moja ikwame kwa koo inachoma nyama ndani ya masaa mawili tu, na mtoto hawezi kukuambia. Kama hakuna skrubu kwa kifuniko cha betri hiyo taa usilete nyumbani. Ukishuku amemeza usingoje atapike, kimbia hospitali saa hiyo hiyo.

Samahani kwa kuwatisha, endeleeni na mapambo.

ticha_pp2
Mimi nafundisha wa miaka mitano kwa hivyo nitasema kwa uzoefu, acheni kununua vitu. Wazazi wa CBC, huu mtaala wa shule wa kazi za mikono kila siku, nyinyi tayari mna katoni na karatasi za tishu za kutosha chini ya kitanda 😅

Enda kwa fundi wa nguo wa mtaa wako uombe vipande vya kitenge, wengi wanatupa. Gazeti moja unalifinyanga liwe mpira mgumu, unaufunga na uzi, halafu mtoto anazungusha vitambaa vyembamba juu yake, mwisho unachomeka pini ama unatia gundi. Hiyo haivunjiki hata ukikalia kwa matatu. Wa miaka sita anaweza peke yake, wewe shika mkasi tu.

Kitu kingine ni yale maganda ya jakaranda. Mji mzima umejaa miti hiyo, maganda makavu yako chini ya mti, ya duara, bapa, magumu kama mbao, yanafunguka pande mbili na pembeni yana mawimbi. Ndani mbegu zina mabawa membamba kama karatasi, watoto wangu darasani walisahau rangi kabisa wakabaki kupuliza mbegu hizo dirishani. Ukipaka dhahabu ukingo peke yake katikati ukaacha rangi yake, inatoka safi sana. Usimruhusu mtoto amalize kopo la glita juu yake, kila kitu kinafanana kikiwa na glita.

Na ukipita soko la Marikiti ama popote pale ndizi zinashushwa, uliza maganda makavu ya mgomba, ile kahawia. Loweka kwa maji dakika chache kwanza, ikiwa kavu inapasuka mkononi. Inakuwa laini unasuka nyota, unasuka hata Yosefu na Maria na punda, ikikauka inashika umbo. Huyo wa kumi ataelewa. Wakikosea msinyooshe nyuma yao usiku wakilala, hao wanajua nyota yao ilikuwa na mikono mingapi.

jirani_mkorofi
Sisi ushago ilikuwa tawi la sipresi kwa mkebe wa Kimbo uliojaa mawe, pamba ya hospitali juu eti ni theluji, baluni tano na tishu imevutwa kutoka kona hadi kona. Na krismasi ilikuja tu.

ticha_pp2
@jirani_mkorofi na ilikuwa inapendeza, usijifanye. Tena hata hao Wajerumani walioanzisha hii mambo ya mti walikuwa wanatundika matofaa na biskuti, mipira ya glasi ilikuja baadaye kwa mji wao wa Lauscha, miaka ya 1800. Kwa hivyo hiyo chapati yako ya kwa mti si kitu kipya 😂

mamawatatu_umoja
Mumenimaliza nyinyi. Nimeenda kwa fundi wa hapa chini amenipa mfuko mzima bure na akasema nirudi Ijumaa. Wawili wameshaanza mipira, wanabishana nani achukue kitenge cha njano. Ya konflawa tunafanya wikendi mdogo akilala. Sasa mti. Sina nafasi ya mti na sitaki kukata wa mtu, na hiyo ya msumari niliwaambia.

baba_kadogo254
Hauhitaji mti. Tafuta vijiti vitano, kirefu chini kifupi juu, vifunge na kamba pande mbili viwe kama ngazi inayochongoka, tundika kwa bomba la pazia. Mapambo yananing'inia kwa vijiti. Mdogo hafiki, na siku ya safari unaikunja yote pamoja unaingiza kwa begi.

mamawatatu_umoja
Kamba gani? Ile ya nailoni inateleza.

keki_southb
Katani, ile nyembamba. Hadwea nyingi ziko nayo, ama ukifika soko la Kariokor pale kwa watu wa viondo uliza watakuuzia hata iliyopakwa rangi. Chukua ya kutosha, ya kufunga mipira ya kitenge pia utatumia hiyo hiyo. Na zile za unga ukibeba, funga moja moja na gazeti, uweke kwa mkebe wa biskuti, zisikae chini ya begi la nguo.