Napata ndege ya RV-7 iliyotumika, bima wanadai mafunzo kwanza. Nianzie wapi?

Mswahili_wa_Texas

Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, naishi Texas. Nina leseni ya urubani binafsi na saa kama mia mbili, karibu zote kwenye Cessna 172 za kukodi. Sasa niko mbioni kununua RV-7, ndege ndogo ya viti viwili ya kujiundia, ile ya gurudumu la mkia, aliyoiunda mzee mmoja gerejini kwake huko Kansas. Kipindi cha majaribio kilishapita zamani na fundi niliyemtuma kuikagua ameipitisha. Injini ni Lycoming O-360, pangaboi ni la kubadilika pembe.

Kinachonikwamisha ni bima. Wakala amerudi na masharti haya: niwe na saini ya gurudumu la mkia (mwalimu athibitishe kitabuni kwamba naimudu ndege ya namna hiyo), nifanye saa kumi na mwalimu ndani ya RV-7 kabla sijairusha peke yangu, kisha saa tano za peke yangu kabla sijabeba abiria. Mwalimu naye awe na saa zake kwenye ndege ya aina hiyo. Uwanja wangu una walimu wazuri, ila hakuna hata mmoja aliyewahi kurusha RV. Ndege iko mbali, siruhusiwi kuigusa bila mafunzo, na mafunzo yenyewe yanaitaka ndege.

Nafikiria nikate bima ndogo tu, ya madhara kwa watu wengine, nitafute rubani aniletee ndege, nijifunze taratibu nikiwa nyumbani. Mnanishauri nini?

Kozi_Mwekundu

Karibu sana kaka. Mimi ni mwalimu wa urubani na RV nazifundisha, kwa hiyo niruhusu niwe mrefu kidogo.

Kwanza hiyo ya bima ndogo. Sheria ya shirikisho ya Marekani haimlazimishi mwenye ndege binafsi kukata bima, ni kweli. Lakini usidhani bima ndogo itakuepusha na mafunzo. Mara nyingi masharti ya rubani yanaandikwa kwenye bima zote mbili, ndogo na kubwa. Ukiirusha kabla hujayatimiza, unaweza kujikuta umelipia karatasi.

Pili, saini ya gurudumu la mkia si matakwa ya bima peke yake, FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, wenyewe wanaidai. Kaifanyie kwenye Citabria au Decathlon, ndege za mkia za kufundishia, hapo karibu na kwako, ni rahisi kuliko kuianzia kwenye RV. Kwenye 172, yenye gurudumu la pua, uzito uko mbele ya magurudumu makuu, kwa hiyo ndege ikitua imepinda kidogo inajinyoosha yenyewe. Ya mkia uzito wake uko nyuma. Ikipinda, mkia unataka kuwahi mbele, na usipoikamata mapema kwa pedali inajizungusha hapo hapo chini. Bawa linakwaruza lami, mguu unapinda, na pangaboi likigusa chini ujue injini inafunguliwa yote kukaguliwa. Kinachowatia hofu watu wa bima ni hicho.

Baada ya hapo ndiyo uende kwenye RV. Fimbo yake ni nyepesi mno. Mtu wa 172 akishaondoka chini, dakika za mwanzo anaipeleka juu na chini kama mtumbwi, kwa sababu mkono wake umezoea kuvuta kwa nguvu. Mkono tuliza juu ya paja, tumia vidole. Halafu kuna mwendo. 172 inasafiri kwa noti (maili za baharini kwa saa) 110 hadi 120, RV-7 yenye injini hiyo inapita 160 bila shida. Unafika uwanjani bado una mwendo mwingi, na flapu (vibao vya nyuma ya bawa vya kusaidia kutua) zote hazishushwi ukiwa juu ya maili 100 za kawaida kwa saa. Na ukirudisha nyuma kabisa mkono wa nguvu ya injini, hilo pangaboi linageuka breki, ndege inashuka kuliko ulivyotegemea. Wengi hapo ndipo wanapovuta pua juu wakiwa karibu na ardhi, na bawa linaacha kubeba. Saa kumi si nyingi kaka. Zitumie zote kwenye kutua, upepo wa ubavuni, kughairi kutua na injini kuzimika.

Mama_Polisi_ya_Bima

Nafanya kazi kwenye ofisi ya wakala wa bima, ingawa za ndege ni sehemu ndogo ya kazi yetu. Kaka, kabla hujalipa mwalimu hata senti, rudi kwa wakala wako na maswali manne, na majibu yaje kwa maandishi:

Je, saa za RV-6 (ndugu yake mkubwa wa gurudumu la mkia) au RV-7A (ile ile ila ya gurudumu la pua) zinahesabiwa kama za RV-7? Kampuni nyingine zinakubali, nyingine zinashikilia herufi moja moja. Mtu anamaliza mafunzo akiwa na furaha, kumbe saa zote alizifanyia ile ya gurudumu la pua na haziingii.

Mwalimu wangu amekubaliwa kwa jina? Akiwa ndani ya ndege yangu, bima inamkinga na yeye?

Rubani wa kuniletea ndege anahitaji saa ngapi? Usimpe ufunguo rafiki wa rafiki kwa kuwa tu ana leseni kubwa. Jina lake liwe limekubaliwa, na bima ianze siku unayolipia ndege, maana mali ikishakuwa yako hata ikiharibikia njiani ni hasara yako.

La nne, kikomo kwa kila abiria ni kiasi gani? Bima ya dola milioni moja mara nyingi inaficha ndani yake mstari unaosema dola 100,000 kwa abiria mmoja. Kama una mke na watoto utakaowabeba mmoja mmoja, usome huo mstari.

Fundi_Bati

Samahani, niliwahi kusikia kwamba mwalimu haruhusiwi kulipwa kufundishia ndege za kujiundia. Au sheria ilibadilika?

Kozi_Mwekundu

Swali zuri Fundi. Mwaka 2021 FAA walitoa tamko kwamba hata mwenye ndege akitaka kufundishwa ndani ya ndege yake mwenyewe anahitaji barua ya ruhusa, ile inayoitwa LODA. Bunge la Marekani likaliondoa hilo kwa sheria iliyosainiwa Desemba 2022. Leo ukiwa na RV yako, mwalimu anakufundisha humo na unamlipa kazi yake. Barua inahitajika pale mwalimu anapotoa ndege yake mwenyewe ya aina hii kukufundishia kwa malipo. Walimu wenye barua hizo wapo, na kwa hali ya mwenzetu ndiyo njia ninayoipenda: unakwenda kwake, unamaliza saa zako kwenye RV yake, unarudi ukiwa rubani anayekubalika, kisha unaifuata ndege Kansas.

Na usichukulie kwamba kuunda ndege ndiyo hatari na kununua iliyokwisha kuruka ni salama. Ripoti ya 2012 ya NTSB, chombo cha Marekani kinachochunguza ajali, ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya ajali za ndege hizi walizochunguza mwaka 2011 zilihusu ndege zilizonunuliwa zikiwa zimetumika. FAA nao wana mwongozo, AC 90-109A, wa kuhamia ndege usiyoizoea. Unatolewa bure, usome kabla ya mafunzo.

Babu_wa_Hanga

Mwanangu, huyo mzee wa Kansas bado ana nguvu? Muombe siku nzima. Saa zake hazitahesabika kama za mwalimu, lakini ndege hiyo aliiunda yeye. Hakuna RV-7 mbili zilizo sawa ndani. Kwenye 172 swichi ya mafuta unaiweka kwenye matangi yote mawili na kusahau. RV haina nafasi hiyo, ni kushoto au kulia, na kuhamisha ni kazi yako angani. Muulize yeye huhamisha baada ya muda gani, pampu ya umeme huiwasha lini, swichi ipi inawasha nini. Kaa kwenye kiti injini ikiwa imezimwa, fumba macho, ziguse zote mpaka mkono uzijue.

Mswahili_wa_Texas

Shikamoo Babu, na ahsanteni nyote. Nimempigia wakala leo. RV-6 wanaikubali, RV-7A wameikataa kwa sababu ya gurudumu la pua, na ameniandikia barua pepe. Saini ya mkia naianza kwenye Citabria Jumamosi. Mzee amekubali kuishikilia ndege hadi nimalize, kwa malipo ya awali.

Kozi, mwalimu mwenye RV-6 na barua ya LODA niliyempata anasema anafundisha saa tatu kwa siku. Ni nyingi mno kwa mtu anayeanza?

Kozi_Mwekundu

Nyingi. Mwombe moja na nusu asubuhi kabla upepo haujaamka, na moja jioni. Ukichoka miguu inachelewa, na ndege ya mkia haimsubiri mtu mwenye miguu mizito.